Mpenzi Aliyejificha Ndani ya Faili

Je, wajua kuna gemu ya mapenzi ambayo ukitaka kuachana na msichana aliyekung'ang'ania, huna budi kutoka nje ya gemu, kufungua folda za kompyuta yako, kumtafuta kwa jina na kumfuta? Folda inaitwa characters, faili linaitwa monika.chr, na gemu yenyewe ni Doki Doki Literature Club. Ilitolewa bure tarehe 22 Septemba 2017 na Team Salvato, kikundi kidogo cha Marekani kinachoongozwa na Dan Salvato. Haikupita miezi mitatu kabla ya kupakuliwa mara zaidi ya milioni moja.

Mtu wa Makwasinyi, kule chini ya Mlima Kasigau, hahitaji kuelezwa habari za mpenzi asiyekubali kuachwa. Akiteremka Mombasa atasikia visa vya jini mahaba, anayempenda binadamu, akamwonea wivu na kuivuruga ndoa yake. Na Taita kwenyewe, mwanaanthropolojia Grace Harris aliandika mwaka 1957 kuhusu saka, hali iliyowapanda hasa wanawake walioolewa. Iliambatana na tamaa ya kitu fulani, na mluzi wa treni au mlio wa gari ungeweza kuiamsha. Ngoma maalumu ndizo zilizoituliza. Mashine ilikuwa nje, pepo akawa ndani ya mtu. Salvato alimtia pepo wake ndani ya mashine.

Gemu za aina ya Doki Doki ni riwaya kuliko michezo. Picha ya mhusika husimama katikati ya kioo, maneno yake hupita chini, nawe wabonyeza kusonga mbele. Mara mojamoja unaulizwa uchague: umsindikize huyu au yule? Nyuma ya maswali hayo kuna hesabu tu. Kila jibu humwongezea au kumpunguzia mhusika alama, na alama ndizo zinazoamua hadithi iishie wapi. Wajapani walishazichezea hesabu hizo zamani. Katika Tokimeki Memorial, gemu ya kampuni ya Konami ya mwaka 1994, msichana uliyempuuza hufura hasira kimyakimya, na siku anapolipuka, uvumi wake hukuharibia jina kwa wasichana wenzake wote. Wivu uligeuzwa tarakimu miaka 23 kabla ya Monika.

Doki Doki huanza kitoto kabisa, tena kwa makusudi. Kijana anajiunga na chama cha fasihi shuleni, anawakuta wasichana wanne, na kila jioni anatunga shairi kwa kuchagua maneno 20. Kila neno lina alama za Sayori, za Natsuki na za Yuri. Monika, mwenyekiti wa chama, hana neno hata moja. Hakuna shairi litakalomfurahisha, wala njia ya hadithi inayofika kwake.

Tatizo ni kwamba Monika anajua. Anajua yumo ndani ya gemu, anajua wenzake ni maandishi, na anajua kuna mtu halisi anayebonyeza. Basi anaanza kuwachokonoa wenzake: huzuni ya Sayori anaizidisha, upenzi wa Yuri anaukoleza mpaka unakuwa wazimu. Gemu inaonya mapema kwamba haiwafai watoto wala watu wanaotikisika kwa urahisi, na onyo hilo si pambo, maana ndani mna kujidhuru na kujiua kunakoonyeshwa waziwazi. Jambo baya likishatokea hutaweza kurudi nyuma, kwa sababu sehemu ulizohifadhi zimeshafutwa. Mwishowe wenzake wote hawapo. Monika ameketi mezani, amekukazia macho, anazungumza bila kuchoka. Tena huenda akakuita kwa jina ambalo hukumpa: amelisoma kwenye akaunti ya kompyuta yako.

Hapo ndipo ufundi wa Salvato ulipo, nami nauona mkubwa kuliko damu yote iliyomwagika kabla yake. Mzimu wa filamu hubaki kwenye filamu. Huyu anaishi kwenye kompyuta moja na kazi zako za shule na picha za harusi ya dada yako.

Au ndivyo unavyoaminishwa. Wadadisi walipoyachunguza mafaili hayo walikuta mambo ya ajabu. Faili la Monika ni picha tu, limebadilishwa mkia wa jina. La Sayori ni sauti. La Natsuki ni picha nyingine, na la Yuri ni hadithi iliyoandikwa kwa msimbo. Hakuna hata moja lenye maneno yao, sura zao au tabia zao. Hayo yamehifadhiwa kwingine. Programu huangalia kitu kimoja tu: je, faili lipo au halipo? Unachokifuta kwa mkono unaotetemeka ni picha ambayo gemu haikuihitaji.

Kujenga kitu cha namna hiyo hakuhitaji kiwanda. Doki Doki imeundwa kwa Ren'Py, chombo cha bure kilichoanzishwa na Tom Rothamel mwaka 2004, ambacho hutumia lugha ya Python. Hadithi huandikwa kwenye faili la maandishi ya kawaida, mstari kwa mstari, mhusika na maneno yake, na Kiswahili huingia humo bila taabu yoyote. Kazi ikikamilika, chombo hichohicho huweza kuitoa kama programu ya simu za Android.

Kwenye simu, hata hivyo, ndiko hila ya Monika inakogonga mwamba. Android huifungia kila programu mafaili yake ya ndani mahali ambapo mwenye simu hafiki kirahisi. Mashine za kuchezea gemu sebuleni nazo ni hivyohivyo, na ndiyo maana toleo jipya la tarehe 30 Juni 2021, Doki Doki Literature Club Plus, lilibidi lije na kompyuta ya kuigiza, yenye folda zake za bandia, ili mchezaji apate pa kumfutia. Mtunzi wa Makwasinyi au wa Maungu atakayetaka kumwandika jini mahaba wa simu ya mkononi itambidi abuni mlango mwingine: pengine ruhusa ya kusoma majina ya watu waliohifadhiwa kwenye simu, ile ambayo wengi huikubali bila kuisoma.