Swima: siye wachimbaji tunasoma elimu ya jamii, mwalimu akiwa mbali

Saa moja ya jioni, wakati wavuvi wa ndagala wanaanza kuwasha taa zao mu ziwa, watu saba tunakusanyika barazani kwa nyumba moja hapa Swima, pembeni ya barabara ya Uvira kwenda Baraka. Taa ni moja, ya sola. Simu yenye kufungua masomo nayo ni moja. Wanne ni wachimbaji wa zahabu wenye kwenda Misisi na kurudi. Wawili ni wamama waliotwanga mawe huko miaka mingi. Wa saba ni mie ninayeandika, mtumishi wa sindika ya wachimbaji, niliyeishia masomo ya sekondari.

Kozi yetu kwa Kifaransa inaitwa Introduction aux sciences sociales, maana yake utangulizi wa elimu ya jamii. Mwalimu hatujamuona kwa macho. Somo linakuja kwa simu, tunalisoma pamoja, ninaandika jibu mu kaye, ninalipiga picha na kulituma siku ambayo rezo iko nzuri. Aliyeandikishwa ni mie peke yangu. Hao sita walikuja kusikiliza siku moja, wakabakia.

Wandugu, najua swali lenu, kwa sababu niliulizwa katika mkutano wa sindika mbele ya watu wote. Nilikuwa nimeomba sanduku letu linisaidie kulipa masomo. Mzee mumoja wa kazi, mwenye kuingia shimoni tangu mie ningali mtoto, alisimama akasema: "Mdogo wangu, hiyo elimu ya jamii itaongeza gramu ngapi kwenye mzani? Pesa ya sanduku ni ya msiba." Watu walicheka. Mie pia nilicheka, lakini sikuwa na jibu. Leo najaribu kumjibu.

Shida ya mtu na shida ya jamii

Somo la kwanza lilikuwa juu ya mwalimu wa Marekani, C. Wright Mills, aliyetoa kitabu mwaka 1959. Huyo anatufundisha kutenganisha shida ya mtu na shida ya jamii. Mfano wake ni wa kazi. Mu mji wa watu 100,000, kama mtu mumoja tu hana kazi, mwangalie yeye mwenyewe: tabia yake, ufundi wake. Lakini mu inchi yenye wafanyakazi milioni 50, kama milioni 15 hawana kazi, usiende kuuliza tabia ya kila mumoja. Uliza namna inchi imepangwa.

Nilipowasomea wenzangu maneno hayo, barazani palinyamaza. Mama mumoja ndiye alisema: "Kamituga."

Tunakumbuka wote. Tarehe 11 Septemba 2020, kule Kamituga, teritware ya Mwenga, mvua kubwa ilinyesha na maji yakaingia mu mashimo ya zahabu. Ilitangazwa kwamba watu kama 50 walikufa. Kwa matanga tulisema, siku yao ilifika. Neno hilo linatuliza moyo wa mjane, na hakuna kozi yenye kukataza kuomba Mungu. Lakini mtu akishamaliza kulia, aulize pia: ilikuwa ni majira gani? Nani alisema watu washuke? Mashine ya kuvuta maji ilikuwa ya nani, na ilikuwa inatumika? Aliyeshuka alikuwa na deni kwa PDG wa shimo, ndiyo maana hakuweza kusema leo sishuki?

Mtu mumoja akianguka, labda aliteleza. Wengi wakifa kila majira ya mvua, hapo si kuteleza tena.

Somo la pili lilikuwa la Émile Durkheim, Mfaransa, na kitabu chake cha mwaka 1897 juu ya watu wenye kujiua. Kila mtu aliona jambo hilo ni siri ya moyo wa mtu. Yeye alikusanya hesabu za inchi mbalimbali, akalinganisha wenye ndoa na wasio na ndoa, watu wa dini hii na wa dini ile, akaonyesha kwamba hesabu inapanda na kushuka kufuatana na namna watu wanaishi pamoja. Kuhesabu kulimuonyesha kitu ambacho macho hayakuona.

Basi tulifungua kaye ya zamani ya sindika, ile ya misaada ya msiba. Tulikuta jina la marehemu, franga zilizotolewa, sinyatire ya aliyepokea. Basi. Hakuna mwezi wa mvua wala wa jua. Hakuna urefu wa shimo. Hakuna kama miti ya kushikilia udongo ilikuwako. Miaka yote tulihesabu franga, vifo hatukuvihesabu. Sasa tumechora mistari mipya: mwezi, mvua, urefu, miti, nani alitoa amri, deni. Kaye ni changa bado, kwa hiyo sitaandika hesabu zake hapa. Lakini siku tutakapokwenda mbele ya koperative ao SAEMAPE, hatutakwenda na kilio peke yake.

Mtoto wa mchimbaji

Kusoma kwa mbali si jambo lililobuniwa juu ya watu wa biro. Mwaka 1904, huko Lochgelly mu Scotland, alizaliwa binti wa mchimbaji wa makaa ya mawe, jina lake Jennie Lee. Mwaka 1929 aliingia bunge la Uingereza, akiwa na miaka 24. Mu miaka ya 1960, alipokuwa waziri, alipewa kazi ya kuanzisha chuo kikuu cha watu wenye kazi, wasioweza kuacha mkate wa watoto wakaenda kukaa darasani. Wakubwa wengi walimdharau. Yeye alikataa chuo cha pili cha maskini: alitaka diplome yenye uzito sawa na zingine. Open University ilipata hati yake mwaka 1969, na mwezi wa kwanza wa 1971 wanafunzi zaidi ya 20,000 walianza. Hawakuombwa diplome ya kuingilia. Masomo yalifika kwa posta, redio na televisheni, na kati ya kozi nne za mwanzo moja ilikuwa ya utangulizi wa elimu ya jamii.

Bwana yake, Aneurin Bevan, aliingia shimoni mu Wales akiwa mtoto. Mwaka 1919 alikwenda kusoma miaka miwili mu London, uchumi, siasa na historia, mu chuo chenye kulipiwa na sindika za wafanyakazi, na sindika ya wachimbaji wa Wales ya Kusini ikiwa mumoja wa walipaji wakubwa. Mu mji wake Tredegar, wafanyakazi walikuwa wanakata kidogo kwa mshahara wa kila mumoja ili kulipa munganga wa wote. Mwaka 1948, Bevan akiwa waziri wa afya, wazo kama hilo liligeuka kuwa matunzo ya bure kwa inchi nzima. Mzee wangu wa sanduku la msiba, unaona? Wale walikuwa na sanduku la ugonjwa, tena walisomesha. Kimoja hakikuua kingine.

Ng'ambo ya ziwa

Tusiende mbali hivyo. Hapa ng'ambo, Tanzania, mwaka 1973 kulikuwa kampeni ya redio, Mtu ni Afya. Watu kama milioni mbili walikaa mu vikundi, wakasikiliza redio, wakasomewa kijitabu cha Kiswahili, wakajadiliana, kisha wakasimama kwenda kuchimba vyoo na kusafisha visima. Mwaka 1992 sheria ikaanzisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, chenye kituo hata Kigoma. Na kule Malawi, mu kambi ya Dzaleka yenye Wakongomani wengi, tangu 2010 wakimbizi walisoma kwa intaneti na walimu waliokuwa Marekani, wakapata diplome.

Mtu ni Afya inanifundisha jambo moja: anayesoma kwa mbali asisome peke yake. Mie nilijaribu peke yangu miezi miwili. Nilichoka, nikalala juu ya kaye. Kifaransa cha vitabu si kile cha sokoni. Sasa barazani tunageuza kila neno kwa Kiswahili, na likikataa, kwa Kibembe.

Kwa mfano neno institution. Kitabu kinasema ni kanuni zenye kupanga maisha ya watu na kudumu. Kijana mumoja akasema: koperative, kwa sababu ina biro na muhuri. Mama mumoja akamkatiza: "Na likelemba yetu je? Haina biro, haina muhuri, lakini nani mu Swima anathubutu kukula zamu yake kisha asilipe wengine?" Tulibishana hadi taa ikapungua. Usiku ule nilielewa neno ambalo peke yangu nilikuwa nimelisoma mara tano.

Shida nazo ziko

Sitawadanganya. Rezo inapotea siku nzima. Mega zinakula pesa ya chumvi. Na kazi yangu ya kwanza ilirudishwa na alama mbaya. Mwalimu aliandika kwamba ninaandika kama mtu anayehutubia mkutano, akauliza ushahidi uko wapi. Nilikasirika. Miaka yote mie nimesema "wachimbaji wote wanateseka" na watu wakapiga makofi. Nilikaa nayo siku mbili. Kisha nikaona alikuwa na haki: wote ni nani? PDG ni mchimbaji? Mama wa kutwanga anahesabiwa? Nilianza upya, nikauliza watu kumi na wawili, swali moja kwa wote, nikaandika walivyojibu, hata wale waliosema kinyume changu. Ile ikapokelewa.

Kwa mwenye kutaka kuanza, nasema haya. Kwanza, kabla ya kutoa franga hata moja, uliza kama chuo kinatambuliwa na serikali ya inchi yake, na kama diplome itakubaliwa hapa kwetu. Wanyang'anyi wa simu wako wengi. Pili, anza na kozi moja tu ya utangulizi. Tatu, tafuta watu wa kusoma nao, hata wasioandikishwa. Ine, pakua masomo usiku ule rezo inapokuja, uyaweke mu simu.

Na ile pesa? Mkutano ulikataa, na sanduku la msiba halikuguswa. Siye saba tulifanya likelemba yetu, kila mumoja anaweka kidogo akirudi machimboni, njo inalipa mega na karatasi. Mwezi uliopita yule mzee alipita barazani akiwa na fimbo yake. Hakuketi. Alisikiliza akisimama, kisha akaomba tumuonyeshe ile kaye ya vifo. Akatafuta jina la mtoto wake. Liko, pamoja na franga tulizotoa. Akatuambia mwezi, akatuambia mvua ilivyonyesha, akatuambia miti haikuwekwa. Tuliandika.

Kazi yetu inayofuata ni juu ya kugawanya: mfuko mumoja wa mawe ukitoka shimoni, nani anapata fungu gani, na kanuni hiyo ilitoka wapi. Wandugu wa Misisi na Lulimba, mukishuka kuja huku ziwani, piteni Swima mangaribi. Mtatusaidia kuhesabu.