Anayegonga Kichwa Huenda Anaumwa

Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anagonga kichwa ukutani kila usiku akilazwa. Majirani wanasema ana deko, au kuna jicho baya. Pengine ni sikio tu: likiwa na usaha nyuma ya ngoma, maumivu huzidi akilala chali, naye maneno ya kulalamika hana.

Mwingine anajikuna makalio usiku kucha. Minyoo midogo myeupe, mfano wa vipande vya uzi, hutoka nje usiku kutaga mayai kwenye ngozi, na hapo ndipo muwasho unapochachamaa.

Kula udongo ni habari nyingine. Musoma, Bunda hata Butiama, mtoto akibandua ukuta na kutafuna, hupigwa kofi. Lakini tabia hiyo mara nyingi huendana na upungufu wa damu, ambao malaria na safura huuchochea. Kofi haliongezi damu. Dagaa wa Ziwa Victoria, wenye madini ya chuma, husaidia.

Juni na Desemba, watoto wa miezi 12 hadi 59 hupewa dawa ya minyoo, pamoja na vitamini A. Mpeleke. Sikio likitoa usaha, usisubiri Juni: wahi zahanati leo.