Kidato cha Nne cha Kenya si Kidato cha Nne cha Tanzania

Vyeti vya Kidato cha Nne vya Kenya na Tanzania vina jina linalofanana, lakini havifungui mlango mmoja. Nchini Kenya, mhitimu aliyepata wastani wa C+ au zaidi katika mtihani wa KCSE anastahiki kuomba shahada ya kwanza moja kwa moja. Mwenzake wa Tanzania hana budi kwanza kupitia Kidato cha Tano na cha Sita, au kusoma stashahada.

Chanzo ni namna miaka ilivyogawanywa. Tangu mwaka 1985 Kenya ilifuata mfumo wa 8-4-4: miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu. Tanzania imekuwa na saba, minne, miwili, kisha mitatu kwa shahada nyingi. Ukijumlisha, kila upande unapata miaka 16. Sehemu ya yale anayosomeshwa Mtanzania katika Kidato cha Tano na cha Sita, Mkenya huyakuta mwaka wa kwanza wa chuo kikuu.

Mwezi Mei 2017, jijini Dar es Salaam, wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza eneo la pamoja la elimu ya juu. Tangazo hilo halikufuta masharti ya udahili ya kila nchi, jambo ambalo ni rahisi kulisahau. Kwa mzazi, kulisahau kunaweza kumgharimu ada ya mwaka mzima.

Aliyesoma sekondari nje ya nchi na kutaka kuendelea na masomo Tanzania huomba ulinganifu wa matokeo yake Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA). Shahada ya nje hupelekwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) ili itambuliwe. Ni busara kulimaliza hilo kabla ya kulipa chochote chuoni.

Mifumo yenyewe nayo inabadilika. Mtaala mpya wa Kenya una miaka sita ya msingi, mitatu ya sekondari ya chini na mitatu ya juu. Sera ya Elimu na Mafunzo ya Tanzania, Toleo la 2023, inapunguza elimu ya msingi kuwa miaka sita. Hivyo pande zote mbili zitafika miaka 12 kabla ya chuo kikuu. Kwa mujibu wa ratiba, mwaka 2027 Darasa la Sita na la Saba nchini Tanzania yatahitimu pamoja, na mwaka huohuo kundi la mwisho la 8-4-4 litafanya KCSE.