Maneno ya Kiingereza Yanayotatanisha na Usanifu wa Istilahi

Istilahi zetu nyingi za sayansi na ufundi zina chimbuko lake katika matini za Kiingereza. Kwa hiyo msanifu wa istilahi ana kazi moja isiyozungumzwa sana: kutambua ni wapi Kiingereza chenyewe huwatatanisha wenyewe. Utata huo usipotambuliwa huhamia katika Kiswahili.

Mfano maarufu ni neno "inflammable". Maana yake ni kitu kinachoshika moto kwa urahisi. Hata hivyo, wasemaji wengi wa Kiingereza hudhani kinyume chake, kwa kuwa kiambishi "in-" katika maneno kama "invisible", yaani kisichoonekana, hukanusha. Hapa hakikanushi. Neno zima limetokana na kitenzi cha Kilatini "inflammare", kuwasha moto, ambacho ndicho pia asili ya "inflammation", hali ya sehemu ya mwili kuvimba, kuwa nyekundu na kupata joto. Aujuaye undugu huo hatakosea. Lakini mchukuzi wa mapipa hawezi kutakiwa ajue Kilatini. Ndiyo maana katika miaka ya 1920 shirika la Marekani la kukinga moto, National Fire Protection Association, lilianza kuhimiza neno "flammable" litumike badala yake. Maneno yote mawili yangali katika kamusi, na maana yao ni moja. Mfasiri akiyakuta katika waraka mmoja asijitungie tofauti isiyokuwapo. Kwa kibandiko, "hushika moto upesi" yatosha. Wako wanaoona kwamba fungu la maneno halina hadhi ya istilahi, wakataka neno moja tu. Kwenye pipa la petroli hoja hiyo haina uzito.

Hatari zaidi ni viambishi viwili vya Kigiriki: "hyper-", chenye maana ya kuzidi, na "hypo-", chenye maana ya kupungua. Katika usemi wa haraka masikio hayavitofautishi vyema. "Hyperglycaemia" ni sukari kuzidi katika damu. "Hypoglycaemia" ni sukari kupungua mno. Mgonjwa wa hali hii ya pili akidungwa insulini huweza kufa. Sasa tukitohoa tu, tutapata "haipaglisemia" na "haipoglisemia". Irabu moja ndiyo iliyobaki kuwatenga wagonjwa hao wawili, na isitoshe, "haipo" kwetu ni neno kamili lenye maana yake! Wagonjwa wenyewe wametutangulia: husema sukari imepanda, sukari imeshuka. Kwa maoni yangu, "kupanda kwa sukari" na "kushuka kwa sukari" ni istilahi bora kuliko jozi yoyote ya kutohoa, maana hakuna awezaye kuyachanganya.

Katika shughuli za vyama, jozi isumbuayo ni "biannual", mara mbili kwa mwaka, na "biennial", mara moja kila miaka miwili. Katiba ya chama ikifasiriwa ovyo hapo, mkutano mkuu utachelewa mwaka mzima na zaidi. "Biweekly" ni balaa kubwa zaidi, kwani kamusi za Kiingereza hulipa maana zote mbili: mara mbili kwa wiki, na mara moja kila wiki mbili. Muktadha usipofafanua, mfasiri hana budi kumrudia mwandishi amwulize alikusudia ipi.