Neva Inayochota Ilichomwaga

Msomaji ameuliza: dawa za sonona hufanya nini hasa ndani ya ubongo? Jibu linaanzia kwa mtu ambaye kazi yake huenda tayari imo kabatini mwako. Julius Axelrod na Bernard Brodie ndio walioonyesha, mwaka 1948, kwamba paracetamol hutuliza maumivu.

Axelrod alizaliwa New York mwaka 1912, mtoto wa msuka vikapu. Vyuo vya udaktari vilimkataa, akaishia kupima vitamini maabarani, ambako chupa ya amonia ilimlipukia na kulipofua jicho lake la kushoto. Shahada ya uzamivu aliipata mwaka 1955, umri ukiwa umeshapita miaka 40.

Neva inapotaka moyo udunde haraka, humwaga kemikali ya ujumbe iitwayo noradrenalini katika upenyo uliopo kati yake na seli ya jirani. Ujumbe ukishafika, lazima ukome. Wengi waliamini kuna kimeng'enya kinachoiharibu palepale, na Axelrod mwenyewe aligundua kimoja mwaka 1957. Lakini kilipozuiwa, ujumbe ulikoma vilevile! Basi noradrenalini ilikwenda wapi?

Axelrod na wenzake wakawadunga paka noradrenalini yenye mnururisho, ili waifuatilie. Wakaikuta imejaa moyoni na kwenye wengu, viungo vyenye neva nyingi za aina hiyo. Ndipo likaja jaribio zuri kuliko yote. Walitoa fundo la neva upande mmoja tu wa shingo, wakasubiri neva zake zife, kisha wakadunga tena. Upande wenye neva uliihifadhi kemikali. Upande wa pili ulikuwa nayo kidogo mno. Neva yenyewe ndiyo huichota tena.

Mcheza bao ataelewa mara moja. Kete zikiliwa haziishi: huchotwa, zikapandwa upya, na mchezo mzima huendeshwa kwa kete zilezile. Shimo lililochotwa hubaki wazi kwa zamu ijayo. Sasa mshike mchezaji mkono asichote. Kete zitarundikana shimoni. Hivyo ndivyo kokaini ilivyofanya kwa paka wa Axelrod, na hivyo ndivyo imipramini, dawa ya sonona, ilivyofanya pia.

Mwaka 1970 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Bernard Katz na Ulf von Euler. Fluoksetini, dawa ya sonona iliyokuja baadaye, huzuia uchotaji wa serotonini, kemikali nyingine ya ujumbe, kwa njia hiyohiyo, ingawa nafuu huchukua wiki kadhaa.