Sanduku la mama na sanduku la Leta

Kila mama aliye katika AVEC analijua sanduku letu: kufuli tatu, funguo kwa mama watatu, na pesa inahesabiwa mbele ya wote. Pembeni kuna mfuko wa mshikamano. Mwenzetu akifiwa, anasaidiwa, hata kama yeye ndiye anayeweka kidogo kuliko wengine.

Leta nayo ina sanduku la namna hiyo. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 181, iliunda Caisse Nationale de Péréquation, ndiyo mfuko wa kusawazisha majimbo. Kila mwaka Hazina inapaswa kuuwekea asilimia 10 ya mapato ya kitaifa ya Serikali. Kazi yake ni kugharimia miradi ya maendeleo, kusudi jimbo lililobaki nyuma lifikie mengine. Sheria ya kuuongoza ilitoka mwaka 2016 tu.

Kwa sisi wa mashariki, hii si habari ya wakubwa peke yao. Vita vikipita, shamba linaweza kulimwa tena. Lakini daraja lililoanguka halijengwi kwa likelemba. Bila daraja, muhogo unaoza kijijini huku mjini bei inapanda, na mtoto wa sekondari anarudishwa nyumbani kwa sababu ya minerval. Sisi walimu tunaona kiti chake kikibaki wazi.

Hesabu ya franka 100

Kifungu cha 175 kinasema asilimia 40 ya mapato ya kitaifa ni ya majimbo, nayo ikatwe pale pale inapokusanywa. Sheria ya mwaka 2008 inaongeza kwamba asilimia 40 ya fungu hilo la majimbo ni ya miji, komini, sekta na shefri. Basi, kwa franka 100, jimbo lipate 40, na katika hizo 40, franka 16 zishuke hadi kwetu.

Kwa kweli, pesa inapanda kwanza Kinshasa, kisha inarudishwa. Mara nyingi inachelewa na kufika imepunguka.

Tufanye nini?

Burgomasta au mwami hawezi kutoa kisichomfikia. Lakini kilichofika kihesabiwe mbele ya watu, kama kwetu. Katika Kivu ya Kusini, komini na shefri kadhaa zilijaribu bajeti shirikishi: wakaaji wanakutana na kuchagua kazi ya kutangulia. Mama wakikosa mkutano huo, chemchemi ya maji itasahauliwa.

Maulizo ya kujadili katika kikundi:

1. Mwaka huu komini au shefri yetu ilipokea pesa ngapi kutoka jimboni?
2. Pesa hiyo ilifanya kazi gani?
3. Ni kazi gani moja tunataka iandikwe katika bajeti inayokuja?

Chagueni mama wawili wayapeleke maulizo mawili ya kwanza na ombi lenu kwa maandishi, nao wasirudi bila nakala yenye muhuri. Bunge huanza kikao chake cha bajeti tarehe 15 Septemba. Tusingoje siku hiyo ndipo tuanze kuandika.