Fahamu: Akikiki, ndege anayemalizwa na malaria
Akikiki ni ndege mdogo, kijivu mgongoni, mweupe tumboni, anayetambaa kwenye magome ya miti akidonoa wadudu na buibui. Asili yake ni Kauai tu, kisiwa kimoja cha Hawaii, Marekani. Mwaka 2018 walikadiriwa kubaki porini chini ya 500. Kufikia 2023 walikuwa kama watano.

Muuaji ni mbu. Hawaii haikuwa na mbu hadi miaka ya 1820, walipoletwa na meli. Malaria wanayoeneza si hii yetu, ni ya ndege, na kwa akikiki kuumwa mara moja kwaweza kutosha kumuua. Zamani baridi ya milimani ilimkinga, kwa kuwa vimelea havikui huko. Lakini mlima mrefu zaidi wa Kauai haufiki mita 1,600, na joto nalo limepanda. Hana tena pa kukimbilia.

Dawa inayojaribiwa Hawaii, ajabu ya mambo, ni mbu zaidi! Helikopta na droni zinaachilia madume, ambao hawaumi, wenye bakteria aina ya Wolbachia. Majike wa porini wakipandwa nao, mayai hayaanguliwi. Akikiki waliookolewa wanatunzwa vizimbani. Kuwarudisha msituni kabla mbu hawajapungua ni kuwapeleka kufa.